Zimwi la Rangi Zote

Fundi Ndirangu alizikwa Dundori, kando ya shamba lake la viazi, na familia ikaniomba niandike jina lake kwenye msalaba. Siku hizi majina ya misalaba huchapwa kwa mashine mjini, yanabandikwa kama stika ya gari, na baada ya mvua mbili yanaanza kujikunja. Binti yake alisema mzee angefufuka kwa hasira. Kwa hiyo nilifika asubuhi na mapema, kabla hema halijasimamishwa, nikiwa na brashi tatu, mkebe mdogo wa rangi nyeusi na miwani ya kusomea, nikakalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jikoni, wanawake walikokuwa wanamenya waru, viazi vya shamba lilelile. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nilikuwa nimefika kwenye herufi ya nne mwanamume mmoja aliposimama mbele yangu, akanizibia mwanga, na badala ya kunisalimu akasema, "Hiyo R imelala." Sikuinua kichwa. Niliijua sauti ile ingawa sasa ilikuwa na mikwaruzo, na nilijua hakuna mtu mwingine ambaye angejali kama R yangu imelala au imesimama. Alikuwa Kiprono. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda huo wote nilikuwa na jambo lake ambalo sikuwahi kumwambia.

Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Mwaka wa vita vya uchaguzi, nikiwa na umri wa miaka ishirini, nilifanya kosa la rangi. Kiprono akalaumiwa kwa kosa hilo, akafukuzwa mbele ya watu waliokuwa tayari kumuumiza, nami nilikuwepo na nikanyamaza. Mengine ya maisha yangu ya wakati ule, wazazi, reli iliyowaleta kutoka magharibi, nyumba za wafanyakazi na kadhalika, nitayaruka, kwa sababu kila mtu wa Nakuru ana yake na yanafanana. Mwaka jana alinijia msichana wa chuo kikuu anayeandika tasnifu kuhusu wachoraji, jinsi wanavyotumia ngano za kale na mashairi kuvijibu vita. Aliweka simu yake mezani irekodi, akaniuliza kwa nini zimwi tulilolichora ukutani Lanet lilikuwa na rangi nyingi vile. Nilimjibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea swali. Nilimwambia lilikuwa wazo tulilolifikiria kwa muda mrefu, kwamba uovu hauna upande. Aliandika kila neno. Nilimpa chai na mandazi, nikamdanganya mpaka mlangoni.

Karakana ya mabango ya Fundi ilikuwa mtaa wa Bondeni, chumba kimoja kirefu cha mabati nyuma ya kinu cha kusaga unga, hivi kwamba kila tulichokichora kilikauka kikiwa na vumbi la mahindi ndani yake. Ukisimama mlangoni uliuona ukingo wa kreta ya Menengai. Ndani kulikuwa na meza, jiko la mkaa, redio isiyozimwa, na rafu za mikebe hadi darini. Fundi alikuwa mfupi, mwenye tumbo, na alifunga suruali kwa kipande cha kamba ileile aliyotumia kupigia mistari. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, anayeamka wa kwanza hujaza mikebe ya kazi ya siku hiyo. Ya pili, rangi haitupwi. Kilichobaki kwenye kazi moja, hata kama ni kijiko, kilifunikwa na kuwekwa rafuni kikisubiri siku yake. Bango la hoteli lilitokana na mabaki ya bango la kinyozi, na lango la shule lilitokana na mabaki ya yote mawili. Karatasi za nje za mikebe zilikuwa zimetoka zamani, kwa hiyo tuliitambua rangi kwa kufungua kifuniko na kuchungulia.

Mimi niliandika herufi. Kiprono, aliyenizidi kwa miaka minne, alichora viumbe: ng'ombe wa bucha, simba wa mabasi, jogoo wa duka la dawa za mifugo. Ng'ombe wake walikutazama mpaka ukaona haya kununua nyama. Mimi nilikuwa na haraka na nilidondosha rangi, na yeye alikuwa na tabia ya kupita nyuma yangu na kulifuta tone kwa kidole gumba, bila neno, kisha kujipangusa kwenye suruali. Mguu wa kulia wa suruali zake zote ulikuwa na rangi za makosa yangu. Sikuwahi kumwambia asante. Nilidhani kazi ndivyo inavyofanywa kila mahali.

Miezi ya kampeni tulichora wagombea wa pande zote, asubuhi huyu na alasiri mpinzani wake, na Fundi aliwapa wote meno mazuri. Kila mmoja alikuja na rangi yake. Mmoja, aliyegombea udiwani na ambaye kwetu alikuwa Mheshimiwa tu, alichagua ile nyekundu nzito iitwayo damu ya mzee. Alitaka mabango, fulana, hata mapipa ya taka, yote damu ya mzee, na kura zilipokaribia tulibaki na mkebe wa rangi hiyo uliokaribia kujaa. Tuliurudisha rafuni.

Kisha kura zikahesabiwa na watu wakaanza kuuana. Sitasimulia yale ambayo wengine waliyaona kwa karibu zaidi. Mimi niliona moshi upande wa Molo, nikaona magodoro juu ya vichwa vya watu, nikaona mawe barabarani na vijana wamesimama kando ya mawe. Swali lao lilikuwa moja: unaitwa nani? Hawakuhitaji kujua unakotoka wala unachofanya. Jina lilitosha. Fundi alikuwa wa upande mmoja, Kiprono wa upande wa pili, na mimi, Nafula, nilikuwa wa upande wa tatu, uliohesabiwa rafiki au adui kutegemea nani ameshika panga. Karakana ilifungwa mlango mchana kutwa na tulikaa ndani watatu tukila githeri, mahindi na maharagwe yasiyo na chumvi. Kupitia mabati tuliwasikia wanawake waliokuja kusaga unga. Siku moja mmoja wao alisema, "Na yule kijana wa Ndirangu bado yuko? Anangoja nini?" Kiprono aliendelea kutafuna githeri yake akiangalia sakafu, na Fundi akaongeza sauti ya redio.

Padri mmoja wa Lanet ndiye aliyetutoa mle ndani. Ukumbi wa kanisa lake ulikuwa umejaa watu waliotoroka mashamba yao, wa upande wa Fundi karibu wote, na watoto walikuwa wameacha kuongea. Alitaka ukuta mmoja mkubwa uchorwe kitu cha kuwatuliza. Alikuwa na wazo tayari, njiwa mweupe na mikono miwili inayosalimiana. Fundi alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Padri," alisema, "hiyo mikono nimechorea wanasiasa wote. Hawa watu wameiona kwa kila ukuta kutoka Molo mpaka hapa. Ukiwaonyesha tena watadhani kura zinarudiwa."

Kiprono akapendekeza Menengai, ile hadithi ya mashujaa wa zamani waliosukumwa wakaanguka kwenye kreta, na ule mvuke unaotoka chini kuwa ni roho zao zinatafuta njia ya kupanda juu. Alikuwa ameshaanza kuuchora kwa mkaa kwenye gunia. Mpaka leo nasikitika kwamba hatukuuchora.

"Ni poa sana," Fundi alimwambia. "Lakini hapa, ukichora mtu anasukumwa, kitu ya kwanza wataniuliza ni nani anasukuma." Akachota githeri, akafikiri. "Zimwi ya kwenu ilifanya nini?"

"Ilikula kijiji yote."

"Na yenu, Nafula?"

"Pia. Ikala watu, mbuzi, kila kitu."

"Halafu?"

"Ikakatwa kidole kidogo, wote wakatoka wazima."

"Basi hata yetu," Fundi alisema, na hivyo ndivyo lile wazo tulilolifikiria kwa muda mrefu lilivyopatikana, kabla sahani hazijaoshwa.

Ukumbi ulinukia moshi, nguo mbichi na unga. Watu walikuwa wamejigawia sakafu kwa mablanketi, na walipotuona na ngazi zetu walisogea bila kuuliza. Wengi walivaa fulana za damu ya mzee. Hawakuwa na nguo nyingine, na Mheshimiwa, ambaye alikuwa mtu wao, alikuwa akiwaletea magunia ya unga. Fundi hakutaka watu waulizane pembeni. Alisimama katikati na kusema, "Huyu ni Nafula. Huyu ni Kiprono. Wote ni wangu." Jina la pili lilipotajwa ukumbi mzima ulinyamaza, ukasikia tu mwiko ukigonga sufuria. Aliyekuwa akikoroga ni Mama Wahome, mpishi wa pale, mama mnene aliyekuja bila kitu isipokuwa mwiko huohuo, akidai alisahau kuuweka chini alipokuwa anakimbia. Alimwangalia Kiprono kuanzia miguuni, akamimina uji kwenye kikombe na kumpa. Watu wakarudi kwenye mazungumzo yao, ingawa si wote. Mwanamume mmoja aitwaye Karanja, aliyepoteza ng'ombe na ndugu, alihamisha blanketi lake akalala akiuelekea ukuta wetu, na kila nilipogeuka alikuwa anatutazama.

Fundi alipaka kamba chaki, mimi nikashika mwisho mmoja na Kiprono mwingine, Fundi akaivuta na kuiachia, mstari baada ya mstari, mpaka ukuta wote ukawa miraba. Kisha tukabishana. Zimwi la Fundi lilikuwa na mdomo wa pili kisogoni, uliofichwa na nywele, na huo ndio uliokula watu. La Kiprono lilikuwa na mguu mmoja. Langu halikuwa na umbo lolote; bibi yangu alituambia tu kwamba lilikuwa na sauti tamu, ndiyo maana watu walilifungulia mlango.

"Sauti tutachora aje?" Kiprono aliuliza.

"Sauti tutaandika," Fundi alisema. Alikuwa akitunga beti za kuandikwa nyuma ya malori, na kwa siku mbili alitembea na penseli mdomoni. Zimwi likapata mguu mmoja na midomo miwili, na Mama Wahome, ambaye jioni aliwasimulia watoto hadithi akiuonyesha ukuta kwa mwiko, alikuwa na neno.

"Wewe kijana, hiyo mguu moja itatembea nayo aje?"

"Inaruka tu, mama. Kwetu inaruka."

"Basi ipatie fimbo, isianguke."

Kiprono akalichorea fimbo. Watoto walianza kumfuata Kiprono na kumletea maji ya kuoshea brashi. Chini ya picha mimi niliandika ubeti wa Fundi, kwa herufi za urefu wa mkono:

Zimwi kala kijijini, kala mkubwa na mwana,
Kawafungia tumboni, usiku hata mchana,
Mkateni kidoleni, watatoka wakiona,
Atakayetoka ndani, usimuulize jina.

Nilipomaliza mstari wa mwisho watu walisogea kuusoma, na waliojua kusoma wakawasomea wasiojua. Mwanamke mmoja alikaa chini palepale na kulia, taratibu, kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nilidhani maneno na picha vimeshashinda vita. Ilikuwa siku ya nne.

Asubuhi ya tano niliamka wa kwanza. Fundi na Kiprono walilala kwenye chumba cha kuwekea majoho, mimi nililala ukumbini na wanawake. Hapakuwa na umeme, na nje kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Mama Wahome alikuwa anawasha moto wa uji. Mkebe wa kahawia, rangi ya mwili wa zimwi ambayo Fundi aliichanganya mwenyewe, ulikuwa umebaki tone, nami nikafanya kama sheria ya karakana inavyosema. Nilifungua sanduku la mabaki tuliyotoka nayo Bondeni, nikatoa mkebe mmoja, nikachungulia. Niliona kitu cheusi chenye wekundu. Nikamimina yote, nikatia mafuta ya taa kidogo, nikakoroga kwa kijiti, nikaweka mkebe chini ya ngazi na kwenda kunawa uso. Kiprono alipoamka alichukua mkebe huo, na kwa kuwa tumbo la zimwi lilikuwa kubwa alitoa kwa mkono wake mkebe mwingine sandukuni, na huo ulikuwa wa kahawia kweli. Alianza na wangu. Alipaka tumbo, akapaka mguu, akapaka shavu lililojaa watu. Ukuta ule ulikuwa kivulini hadi mchana na rangi mbichi hudanganya. Mimi nilikuwa chini nikisafisha kingo za herufi zangu na sikuinua macho.

Madirisha ya ukumbi yalitazama magharibi. Baada ya chakula jua liliingia na kuupiga ukuta, na zimwi likawaka. Lilikuwa damu ya mzee kutoka shavuni hadi wayoni, rangi ileile ya fulana za watu waliokuwa wamekaa mbele yake. Nilielewa kabla ya mtu yeyote kusema neno.

Karanja ndiye aliyesimama. Alilivuta pindo la fulana yake, akalitazama, akautazama ukuta.

"Kumbe ni sisi," alisema. Hakupaza sauti. "Tumechomewa nyumba, halafu ni sisi tumekula watu."

Wanaume wengine wakaanza kuinuka. Mmoja akauliza nani amepaka. Kiprono alikuwa bado juu ya ngazi na brashi mkononi, asingeweza kukana hata kama angetaka, na hakutaka. Alisema ni yeye. Mtu akamuuliza anaitwa nani, ingawa kwa siku tano kila mtu alikuwa anajua, na yeye akajibu kwa adabu, jina lake lote.

"Ngojeni," Fundi alisema, mikono juu. "Ni mabaki. Hii ni rangi ya mabaki tu, sisi hatutupi rangi. Nani alijaza mkebe?" Akatutazama, kwanza Kiprono, kisha mimi.

Nilitazama brashi yangu. Ilikuwa namba sita, ya manyoya laini, na mpini wake ulikuwa na ufa. Niliutazama ufa huo vizuri sana. Niliwaza kwamba nikisema, watanigeukia mimi, na kwamba mimi nalala sakafuni katikati yao, na kwamba jina langu nalo halikuwa salama. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini kabla ya kuyawaza yote nilikuwa nimeshaamua.

"Mkebe nilitoa mimi kwa sanduku asubuhi," Kiprono alisema polepole, akikuna kichwa, kama mtu anayejitafutia kosa lake. "Pengine sikuangalia vizuri."

Kigoda kilirushwa kikampata kwenye kiwiko. Fundi na Padri walimshusha wakamzunguka, wakamtoa kwa mlango wa jikoni, na Mama Wahome akasimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto, bila kumtishia mtu, ila hakuna aliyepita. Padri alimpeleka kwa pikapu hadi kambi ya jeshi, na barabara ilipofunguka akaenda kwao. Nguo zake zilibaki Bondeni.

Jioni Mama Wahome aliniletea uji nje, akakaa kando yangu kwenye kuni.

"Alfajiri nilikuona na mkebe," alisema.

Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa. Kijana ameshafika kwa askari, hakuna mtu atamgusa. Ukisema saa hii, wewe utalala wapi?" Alisubiri nimalize kikombe. "Sitasema. Lakini wewe utasema siku moja. Usiache niwe mimi tu nimejua."

Nilifurahi. Lazima niandike hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Nilipata faraja kubwa iliyoshuka tumboni pamoja na uji, na nililala vizuri usiku ule.

Kesho yake Fundi alikwenda Bondeni na pikapu ya Padri akarudi na rafu nzima. Alikuja na mabaki ya wagombea wote, wa pande zote, walioshinda na walioshindwa, akayapanga chini ya ukuta. Kisha akanipa brashi za Kiprono. Alisema tutafuata miraba yetu ya chaki, kila mraba wa mwili wa zimwi rangi ya mgombea mmoja, tusiache hata mmoja. Nilipaka kwa siku mbili. Karanja alikuja kusimama nyuma yetu.

"Na yetu umeiacha hapo?" aliuliza, akionyesha mraba wa damu ya mzee.

"Yenu iko," Fundi alisema bila kugeuka. "Ya kila mtu iko. Tafuta yenye iko nje."

Karanja alitafuta. Alitafuta kwa bidii, mraba kwa mraba, kidole hewani. Bibi mmoja akasogea, akauonyesha mraba wa kijani kwenye goti na kusema huyo alimwahidi maji. Mwingine akamtambua aliyemwahidi hati ya shamba, yuko kwenye kisogo, karibu na mdomo. Ikawa mchezo. Watu walitafuta wagombea wao ndani ya zimwi na kuwacheka, na Karanja, ambaye hakucheka, alirudi kwenye blanketi lake na jioni hiyo akalala akiupa ukuta mgongo. Mwandishi wa gazeti akaja akapiga picha. Aliyeonekana pichani ni mimi, brashi mkononi, mbele ya tumbo la rangi zote.

Jina langu lilianzia pale. Kutokana na picha ile nikaitwa kuchora Nairobi, kutoka Nairobi nikaitwa kwingine, na kwa miaka mingi nimechora mazimwi, nyoka wa ziwani na mashujaa wa kreta kila nchi hii ilipopigana, na nimeulizwa maswali ya busara na kuyajibu. Ukuta wenyewe ulishapakwa rangi ya krimu kwa ajili ya harusi. Fundi hakuniuliza tena nani alijaza mkebe. Alizifunga brashi za Kiprono kwa gazeti akaziweka rafuni, na mara mojamoja, tukiwa na kazi ya ng'ombe, alisema angekuwapo Kiprono, kisha akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mama Wahome alirudi Molo na alifariki miaka mingi iliyopita. Tangu hapo nilikuwa nimejua peke yangu.

Ibada ya Dundori ilikuwa ndefu. Binti wa Fundi alisoma ule ubeti wa zimwi, na alipofika kwenye "usimuulize jina", msalaba wenye jina ulikuwa umeegemezwa mezani mbele yake, rangi bado mbichi kwa sababu ya baridi. Baada ya kufukia tulipewa mukimo wa viazi vya kupondwa, na nyama. Kiprono alikuja kukaa kwenye benchi langu, sahani magotini. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Aliniambia ana ng'ombe sita na mke wake ana duka la maziwa, na kwamba aliniona kwenye gazeti, zaidi ya mara moja, na kwamba alifurahi.

"Kiprono," nilisema, "ile rangi ya Lanet."

"Wacha hiyo."

"Ni mimi nilijaza mkebe. Alfajiri, kabla uamke."

Aliendelea kutafuna, kisha akaacha. "Mkebe nilitoa mimi kwa sanduku."

"Huo ulikuwa kahawia. Ulikuwa sawa. Ni ule ulikuwa chini ya ngazi."

Aliweka sahani kwenye nyasi, kwa uangalifu, kama iliyojaa maji. Watu walikuwa wanapita na soda. Alisubiri wapite.

"Mama ya watoto alitaka nimwandikie jina ya duka," alisema. "Nikakataa. Nikamwambia mimi rangi sizioni vizuri. Tukaita mtu." Alijifuta mafuta ya nyama vidoleni. "Nilienda hata hospitali, nikapimwa macho. Daktari akasema yako sawa. Sikumwamini."

"Yako sawa," nilisema.

"Ndiyo nasikia leo."

Nilimwambia naomba radhi. Lilikuwa neno dogo na nililisema hivyohivyo. Aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akaenda kukaa na wazee upande wa pili wa hema, na kwa saa nzima niliutazama mgongo wake. Niliona aibu ambayo nilikuwa nimeikwepa tangu nikiwa na miaka ishirini, na haikuwa imepungua hata kidogo kwa kuwekwa.

Watu walipoanza kutawanyika vijana waliuchukua msalaba na kuusimika kwenye kichwa cha kaburi. Nilikwenda kuutazama, mikono mfukoni, na nikaona kwamba chini ya ile R iliyolala kulikuwa na tone limeanza kuteremka. Sikuwa na kitambaa. Nilikuwa bado natafuta kwenye mkoba Kiprono alipokuja akasimama kando yangu. Hakunitazama. Aliinama, akalifuta tone kwa kidole gumba, mara moja, bila kuigusa herufi. Akakiangalia kidole chake cheusi, akaiangalia suti yake, kisha akakipangusa kwenye mguu wa kulia wa suruali.